Vidoa Vyeupe Kwa Samaki wa Baba Tumpe

Jumanne jioni

...na dawa ya bluu nimeshatia sana tu! Vidoa vinaondoka, nikishangilia vimerudi, samaki kama wamenyunyiziwa chumvi. Wamebaki wawili.

Tangu Baba Tumpe apate kiharusi hamsemeshi mtu, hata mimi mkewe. Anaongea na hao samaki tu. Wakiisha, mume wangu ataongea na nani?

Leo nimeenda sokoni Mwanjelwa kwa yule mama anayeuza samaki wa mapambo. Nikapiga stori weee, mpaka nikaanza kumsema jirani yangu Mama Sekela, kila jioni yuko kwangu anaota moto, mkaa wake anaubania.

Yule muuzaji akanikatiza. "Jiko unaliweka wapi, dada?"

"Sebuleni, pembeni ya samaki. Tukienda kulala nalitoa nje, tusije tukafia ndani."

"Basi ndo hapo! Jioni maji yanapata moto, usiku yanakuwa barafu. Na baridi ya Mbeya hii! Samaki wanadhoofika, dawa itafanya nini?"

Nikacheka, huku machozi yananitoka. Kumbe mimi ndo nawaua!

Sasa jiko nisiwashe? Miguu ya Baba Tumpe nayo inakufa ganzi. Nilihamishie chumbani? Yeye haondoki kwa samaki wake mpaka muda wa kulala.

Nimelisogeza mlangoni, tanki nimelizungushia blanketi langu zito. Sijui kama itasaidia. Mungu wangu, niachie hata hao wawili, maana mimi peke yangu sita...

"Mama Tumpe! Njoo!"

Jamani! Ni Baba Tumpe anaita. Ananiita mi