Kifua Chako Kilikuwa Kizima, Baba

Baba, shikamoo.

Nimeanza hivyo kwa sababu hukuwahi kuniruhusu niseme neno lingine kabla ya hilo. Tangu pikipiki ile ikugonge pale Kabuga ni miezi minne sasa, na bado nikiingia sebuleni naanza kuamkia kiti chako. Halafu nakumbuka. Mama ananitazama, anajifanya hajasikia.

Nakuandikia kuhusu Ruwenzori. Tunakwenda, Baba! Mzee Gaspari wa kundi lenu la kupanda milima ameshapiga simu Kasese, wabeba mizigo wamepatikana, na basi litatutoa Kigali alfajiri. Tuko watano, na mimi ni mmoja wao. Usishtuke. Au shtuka tu, lakini nisikilize kwanza, maana kuna jambo nimelifanya bila ruhusa yako. Nimesema ukweli wa kule mlimani Karisimbi, tena mbele ya ukoo mzima.

Unakumbuka nilivyomganda Gaspari anichukue kwenye kundi lenu, naye anasema msichana atawachelewesha. Ukanitetea, nikachukuliwa. Tulipotoka kambini asubuhi ile kichwa kikaanza kunipasuka, nikatapika mpaka nyongo. Wenzako walikuwa wameshatangulia. Kilele ulikiona palepale, na pumzi ulikuwa nayo tele, nilikusikia ukipiga mluzi. Ukanivua mkoba, ukanishika kiwiko, tukashuka. Nikawa nalia njia nzima kwamba watanicheka. Ukasema, "Nyamaza, binti. Mimi ndiye ninayeumwa."

Na ukaishikilia hiyo! Gaspari aliposhuka ukamwambia kifua kimekubana. Mama naye akasikia, basi, kila asubuhi kikombe cha umuravumba, ile dawa chungu ambayo hata mbuzi wa jirani hagusi. Miaka miwili umekunywa dawa ya kifua kizima, unakunja uso, unanitazama juu ya kikombe. Na kundi lilipoanza kupanga Ruwenzori, Gaspari akasema kwa kifua kile hawakuchukui, usije ukawafia juu. Ukakubali. Ukaomba walau wakuachie kazi ya kupanga safari, ukachukua daftari lako la kupimia viwanja ukaanza kuandika njia, kambi, chakula. Nilikuwa nakuletea chai ukiandika. Sikusema kitu.

Niliona aibu tu, Baba. Sina sababu nyingine ya maana. Ungeenda nao mwaka jana. Ungekuwa umeishika theluji ile kwa mkono wako. Hili linaniuma kuliko hata ile ajali, maana ajali sikuifanya mimi.

Sasa siku ya kuondoa matanga, gukura ikiriyo kama anavyosema Mama, watu wamejaa uani kwetu Ndera. Baba mkubwa akasimama kukabidhi vitu vyako. Kaka akapewa jembe lako. Mimi nikaitwa, nikapewa mabuti yako ya mvua, yale uliyonunua kwa ajili ya matope ya Ruwenzori na hukuyavaa hata siku moja. Halafu Gaspari akaomba neno. Unamjua, hawezi kuaga mtu bila kumtania. Akasema, huku machozi yanamtoka, "Bwana huyu alipenda milima kuliko sisi wote, ila kifua chake ndicho kilichomwangusha." Watu wakacheka, kile kicheko cha matanga yanayokwisha. Mimi nikashindwa. Nikasimama na mabuti mkononi nikasema kifua cha baba yangu kilikuwa kizima, aliyeshindwa Karisimbi ni mimi.

Mama akapiga makofi, "Yezu wee! Kumbe nilimnywesha umuravumba bure?" Akacheka, Baba. Akacheka mpaka akajifuta uso kwa kitenge, mara ya kwanza tangu tukuzike. Baadaye akakukasirikia, na mpaka leo hajamaliza, jiandae.

Gaspari hakucheka. Aliondoka bila kumaliza bia yake, nikajua nimempoteza na yeye.

Jumapili iliyofuata akaja na daftari lako. Akalifungua mbele yangu mahali ulipoandika siku ya nne, kwa kalamu yako ya kazini: "Hakuna kupanda. Binti apumzike hapa, kichwa chake kizoee." Gaspari akasema aliposoma mara ya kwanza alidhani mzee umechanganya, maana kwenye orodha hakukuwa na binti yeyote. Na wewe mwenyewe hukuwemo. Ulikuwa umenipangia mimi siku yangu. Nililia hadi Mama akatoka jikoni.

"Mwanangu," Gaspari akaniambia, "nilimwacha mzima nyumbani. Sasa wewe utakuja, na siku ya nne tutalala wote kama alivyoandika."

Kwa hiyo nafanya mazoezi. Kila Jumamosi natembea Ndera hadi Kabuga na kurudi, kidumu cha maji mgongoni, miguuni mabuti yako na soksi mbili ili yasinivuke. Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, nasubiri iishe ndiyo naanza. Wamama wa njiani wananiuliza kama kwetu maji yamekatika. Nikifika pale ulipoangukia nasimama, nakuamkia, nakunywa maji, naendelea. Kupanda kile kilima cha mwisho nimeanza kupiga mluzi. Vibaya, lakini napiga.

Kilele sikuahidi, Baba, huo uongo tuuache. Nitayavaa mabuti yako hadi mahali nitakapofika, na nikirudi nitayasafisha niyaweke kando ya kiti chako. Ila hili nakuahidi. Kichwa kikianza kunipasuka kule juu, sitasubiri mtu anisemee. Nitasimama palepale, niseme kwa sauti hadi Gaspari aliyetangulia asikie: mimi ndiye ninayeumwa.

Pumzika sasa.

Binti yako