Kifurushi Nilichokiwekea Jina Langu

Al Muraqqabat, Dubai

Mpwa wangu Lois,

Shikamoo yako imenifika, marahaba. Goti la mama yako linaendeleaje? Mimi mzima. Joto la huku linakaanga mayai juu ya boneti, ila kwangu limeshindwa.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kumbe kompyuta zote kumi na nane za shule zimegoma: zinaomba neno la siri, ukiliandika zinakurudisha pale pale. Mwalimu mkuu anasema umeziharibu wewe uliyezipakia mfumo mpya, na mwisho wa mwezi utasimama mbele ya kamati ya shule. Umeniomba mimi, mkubwa wa mfumo ule, nikutetee.

Sasa sikiliza. Mfumo ule unatengenezwa na watu wanaojitolea. Vifurushi vyake, yaani vipande vya programu, viko mafungu mawili: vya msingi vimo kwenye kila diski, vya nyongeza unavivuta mtandaoni. Shule yenu haina mtandao, ndiyo maana ulinisihi kifurushi cha Kiswahili kiingie kwenye msingi. Nikakujibu kwamba hapa haliamuliwi jambo bila mimi, kwamba nikiingia wahandisi wote husimama. Ni kweli husimama. Husimama kupokea chai. Mimi ndiye mpika chai wa duka wanapokutana kila Ijumaa.

Kwao kifurushi hakiingii kwenye msingi mpaka mtu mmoja akipakie, aizime mashine, aiwashe, aitumie wiki nzima, kisha aandike jina lake kwamba ni kizima. Ajuaye Kiswahili nilikuwa peke yangu. Bassam, kiongozi wao, akanipa kompyuta akaanza kunielekeza. Nikamwambia hayo nayaweza nimefumba macho. Ijumaa ya pili akaniuliza kama niliizima nikaiwasha. Nikasema mara arobaini, nikaandika jina.

Lois, sikuifungua hata mara moja. Niliogopa nitabonyeza vibaya waone sijui kitu. Kifurushi hicho kibovu ndicho kilichozigomesha kompyuta zenu; kosa ni langu, si lako. Barua hii isome mbele ya kamati, na habari ya chai usiiruke.

Siku kumi zilizopita nilimwambia Bassam. Hakufoka. Alinivutia kiti, nikakaa nao kwa mara ya kwanza, sijui macho niyaweke wapi. Wamekitengeneza kifurushi, na kukijaribu wamenipa mimi tena. Diski mpya anakuletea Martina, yule jirani yenu aliyeko huku, anakuja likizo wiki hii. Safari hii nimeitumia mashine wiki nzima, nikaizima na kuiwasha mara arobaini.

Hapana. Mara kumi na moja. Zote iliwaka, na neno la siri ikalikubali.

Mpe pole mama yako, na majirani wasalimie bila kuwatajia cheo changu.

Mjomba wako,
Zedekiya, wa chai