Kisu Tulichokizika

Kitale,
Jumapili baada ya ibada

Kwako Mayi, mama yangu mzazi,

Pokea salamu nyingi. Natumaini mguu wako umepoa na ng'ombe bado anatoa maziwa ya kutosha chai. Mimi mwili hauna neno. Tangu uingie ngumbaru unajisomea barua mwenyewe, na leo nashukuru sana, maana haya sitaki yasomwe kwa sauti. Tafuta mahali ukae peke yako.

Barua yako ilikaa kwenye sanduku la posta la kanisa, nikapewa leo asubuhi. Nimesoma kwamba mke wa Kaka Wanyonyi amejifungua mvulana, na kwamba Jumamosi iliyopita angepewa jina la Baba. Jumamosi imeshapita. Watu walikuwa wananipongeza pale nje ya kanisa, nami nasema asante tu.

Mayi, kile kisu tulichokizika si cha Baba.

Nimechana karatasi tatu kabla ya kuiacha sentensi hiyo isimame. Unajua yule Kalasinga ninayemfanyia kazi dukani ana ugonjwa wa visu vya kukunja. Wazungu walipouza mashamba waliviacha kwenye droo na maghala, naye anavinunua vyote, hata vilivyovunjika. Duka likipoa mchana anavitandaza juu ya kitambaa, chai pembeni, ananifundisha kujua umri wa kila kimoja. Mpini ni wa pembe, wa mfupa au wa plastiki? Bapa linashika kutu au halishiki? Zaidi ya yote, yale maandishi madogo yaliyogongwa kwenye chuma, karibu na pale kisu kinapojikunja. "Mpini watu nabadilisha," huniambia. "Wewe soma chuma."

Sasa kumbuka siku ile. Baba alikuwa ameenda kule mji wa Kwanza kuvuna mahindi ya watu, na mavuno mawili yalikuwa yamepita bila habari. Akaja yule mtu wa Ndalu na kisu chenye mpini wa pembe, akasema kuna mzee kibarua amefia kwenye shamba huko Kachibora, amezikwa na wageni, na hicho ndicho kilichobaki. Wazee walikaa. Mgomba ulikuwa umeshakatwa, ulale kaburini mahali pa mwili. Baba Mdogo akaniwekea kisu mkononi. "Simiyu, si wewe ndio ulikuwa unanoa hii kisu na mzee? Sema ni yake bana, tuzike mtu wetu."

Nilikitazama. Ukali ulikuwa umeliwa na jiwe upande usio wake. Baba alikuwa mashoto, wewe mwenyewe ulikuwa ukimcheka akishika jembe. Kile kisu kilikuwa kimenolewa na mtu wa mkono wa kulia. Niliona, Mayi. Lakini ulikuwa umekaa pale mlangoni, miaka miwili huna usingizi, mbwa akibweka unatoka nje. Nilitaka ulie umalize. Nikasema, "Ni chake."

Kabla hakijafukiwa niliweka karatasi juu ya yale maandishi, nikasugua kwa penseli ili nibaki na ukumbusho. Ilitokea nusu ya kengele na herufi chache zilizochakaa. Nikaiweka ndani ya Biblia, nikajiambia labda Baba alikuwa anamwazima mwenzake jioni akanoe. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Mwezi uliopita Kalasinga alileta kisu chenye kengele hiyo hiyo, maandishi yote mazima. Nilikimbia chumbani kuleta karatasi yangu, tukalinganisha herufi kwa herufi. Chini ya kengele imeandikwa Ujerumani ya Magharibi. Nikamuuliza ni ya lini. "Hii andika iko ya baada ya vita ya Hitler," akasema. "Ujerumani nakatwa mbili, ndio naandika hivi. Mbele ya hapo hapana." Na Baba alipewa chake na ofisa wake huko Burma, vita bado vinaendelea.

Nilienda Kachibora Jumapili mbili. Lile shamba limekatwa vipande, wenyewe ni wageni, hakuna anayemkumbuka kibarua yeyote. Yule mtu wa Ndalu alihama, wengine wanasema yuko Uganda.

Usidhani nakwambia Baba yu hai. Sijui. Sijui kama amelala kichakani au ana nyumba nyingine mahali. Nilikupa kaburi, leo nakunyang'anya, na sina cha kukupa badala yake. Kilichonila zaidi ni huu mwezi mmoja. Kwetu mtoto hapewi jina la mtu anayepumua, ni kama kumwambia mwenyewe aondoke. Ningeandika siku ile ile, mngesubiri. Niliogopa, nikapanga visu vya watu kwenye kitambaa huku nyinyi mnapika chakula cha kumpa mtoto jina, nalo jina halirudishwi kama debe la kuazima.

Nauli ninayo, na Bungoma si mbali. Nimeshindwa tu kusimama mbele yako. Ukiamua kuwaambia, waambie mimi ndiye niliyesema. Ukiamua kuichoma hii barua, sitauliza.

Nisalimie Kaka Wanyonyi na mkewe aliyejifungua salama. Nisalimie Baba Mdogo aliyetupa udongo wa kwanza, na Shangazi, dada yake Baba, aliyenyolewa siku moja nawe. Mtoto pia mpakate kwa niaba yangu, umwambie amu yake anamsalimia. Ila ukimpa hizo salamu, Mayi, usimwite kwa jina.

Ni mimi mwanao,
Simiyu