Makofi Yaliyopotea Njia

Suva, 3 Februari

Mama mpendwa,

Niwie radhi, nimekaa kimya tangu Krismasi. Nikishika kalamu nasinzia. Mguu wako je? Sisi wazima, Losana wetu ameanza kutembea.

Mama, mume wangu Apisaki alipunguzwa kazi bandarini. Mimi nafanya usafi kwa bosi mmoja wa benki, Apisaki analea mtoto. Anafua nepi, anapika, anamsuka mtoto nywele kunishinda. Wenzake wa kunywa yaqona jioni, wakizunguka bakuli, wanamwita Mama Losana. Anacheka, anakunywa, anarudi kumwogesha mtoto.

Mume wa bosi wangu naye kaacha kazi alee mwanawe. Jumapili mchungaji alimsimamisha, kanisa zima likapiga makofi. Nikamtazama wangu kiti cha nyuma, nepi begani. Makofi yale yalipotea njia.

Binti yako,
Kelera

Kadavu, 20 Februari

Mwanangu Kelera,

Mguu haujambo. Tajiri akishika kinyesi cha mtoto, watu husema marashi. Sisi maskini tuna jina tu, na la mumeo linachekwa mpaka huku. Marehemu baba yako hakugusa nepi. Kaka yako Waisake anakuja na meli kumchukua Losana, tiketi ya mtoto anayo. Apisaki atafute kazi ya kiume.

Mama yako

Suva, 17 Machi

Mama mpendwa,

Natumaini mguu umepona. Kaka alifika na uso wa hakimu. Apisaki hakubishana, alimpa Losana amshikie ili yeye amalize kufua. Mtoto akalia, akamtapikia shati la kanisani. Kaka mwenyewe akaomba aokolewe.

Alikaa wiki nzima. Jioni moja kwenye bakuli la yaqona wale wenzake Apisaki wakaanza: Mama Losana, karibu. Kaka akasema, "Mwiteni hivyo mkishakaa na yule mtoto asubuhi moja. Mimi nimeshindwa." Wakasogea, wakampa Apisaki nafasi.

Najua ulitaka kutulinda, Mama. Lakini Losana haji, na mume wangu ana kazi. Tiketi anakurudishia kaka.

Badala yake, naomba utume: mafuta ya nazi chupa mbili, ya nywele za Losana. Magimbi, kikapu kimoja. Mkeka wa kutosha watu watatu. Na ile sulu yako ya bluu, kitambaa ulichonibebea mgongoni, Apisaki ambebee mtoto.

Binti yako,
Kelera