Mtoto wa Mwisho Kubebwa

Mpendwa Bi Nermin, naomba msaada wako kabla kondoo hawajapanda kwenda malisho ya mlimani, maana nimepewa kazi ya kuchagua mtoto wa mbwa na imenishinda, na tafadhali usicheke, najua wengine wanakuandikia hapo gazetini habari za talaka na mirathi. Mimi ni mke wa mtu hapa vijijini Kangal, mume wangu Ferit yuko Ujerumani anajenga nyumba za watu, aliondoka mwaka ule ule tuliooana, na mche wa mtofaa alioupanda mlangoni sasa ni mti tunaokaa kivulini mwake, na kila mwaka nikimuuliza utakuja lini ananiambia kiangazi hiki, Zeliha, kiangazi hiki.

Mbwa wetu mzee alikufa wakati wa baridi, mbwa mwitu wakaingia zizini wakatumalizia nusu ya kondoo, na baba mkwe wangu, mzee Haydar, magoti yamemwisha, kwa hiyo mchungaji sasa ni mimi, naye akaniambia, "Mkwe, atakayekesha naye mlimani ni wewe, basi chagua mwenyewe. Lakini mmoja tu, wawili tutawalisha nini?"

Jirani yangu Elmas ana jike lililozaa, na huku kwetu watoto wakiwa bado wa kubebeka hutolewa kwenye majani wakawekwa uani kwenye theluji, kisha watu wanatazama mama atamrudisha yupi kwanza, kwa kuwa mama ndiye anayejua mwenye moyo. Wa kwanza kubebwa alikuwa dume la uso mweusi, kichwa kama chungu, hata alipokuwa mdomoni mwa mama yake alikuwa akinguruma, wakafuata wenzake, akabaki mmoja mwenye mguu mweupe, anatetemeka, halii wala nini, anaitazama tu njia aliyopita mama yake, na ule mtazamo Bi Nermin mimi naujua, nikashindwa kuvumilia, nikakimbia nikamtia ndani ya koti langu.

Elmas akanifokea, "We mwanamke! Huna subira hata kidogo? Mama mtu si yule anarudi?" Na kweli alikuwa anarudi, akafika akanusa pale mahali, akazunguka, akanusa tena. Mimi nikashika njia ya nyumbani na mtoto kifuani, Elmas nyuma anapiga kelele kwamba nimrudishe, la sivyo nitalipa kwa machozi.

Sasa analala kando ya jiko, ananilamba mtindi kidoleni, nikitoka analia, na sikumbuki mara ya mwisho mtu kulia kwa sababu mimi nimetoka. Juzi nilimwita kwa jina la Ferit. Sikukusudia, lilinitoka tu, kumbe baba mkwe yuko mlangoni na bilauri yake ya chai. Nikatamani ardhi inimeze. Akamtazama mbwa, akaniuliza taratibu, "Huyo naye ukimwita haji?" Kisha akaenda zizini, akakaa huko mpaka chai ikapoa, na tangu siku hiyo tunakula bila kutazamana. Elmas anataka jibu Ijumaa. Ninamtaka wa mguu mweupe, akili inaniambia wa uso mweusi. Nichague yupi?

Zeliha

*

Zeliha mwanangu,

Sijacheka. Nimesoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nililazimika kuvua miwani.

Lakini nitakugombeza. Umemnyang'anya mama mtoto wake akiwa njiani kumfuata, halafu unamlisha mtindi kando ya jiko. Huyo atakuwa mbwa wa kukufika kiunoni. Mbwa aliyeujua utamu wa jiko, mvua ya kwanza ikimpata mlimani, atateremka kulitafuta, na kondoo watabaki na Mungu wao. Mbwa wa zizi hulelewa na kondoo, analala katikati yao, anakula uji wake wa shayiri pale pale. Hapapaswi. Humpendi kwa mikono, unampenda kwa kumwacha afanye kazi yake. Najua hayo ni magumu kwa mtu mwenye njaa ya kupendwa.

Basi mchukue wa uso mweusi. Na wa mguu mweupe mrudishe kwa mama yake leo, usingoje Ijumaa, kabla titi halijamkataa. Wa mwisho kubebwa si wa kutupwa. Elmas atamkuza, naye atapata mtu wa kumchukua.

Sasa tuje kwenye swali ambalo hukuniuliza. Uliona mtoto aliyeachwa kwenye theluji ukajiona wewe. Sawa. Ila hukutazama vizuri, Zeliha. Yule mama alirudi. Umeandika mwenyewe, kwa mkono wako. Mwenye nia ya kurudi hurudi, hata theluji iwe magotini.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na wewe umengoja mpaka mche umekuwa mti. Kosa lako ni neno moja. Kila mwaka unamuuliza "lini", na lini haikosi jibu: kiangazi hiki, kiangazi kijacho. Acha kuuliza lini. Mpigie simu mchana, baba mkwe wako akiwa amekaa pembeni, muulize: je, utarudi? Halafu nyamaza. Usimsaidie kujibu.

Na mzee Haydar mtilie chai, ukae naye. Yule hakukukasirikia. Ferit ni mume wako, lakini kwake ni mtoto, naye hukaa zizini peke yake kwa jambo lile lile linalokuliza wewe jikoni.

Jibu likiwa ndiyo, shukuru Mungu. Likiwa hapana, lia, kisha uje ofisini kwetu nikuonyeshe wakili mwanamke asiye na maneno mengi. Kwa vyovyote kondoo watapanda mlimani, nawe utapanda nao. Mbwa wako mpya atahitaji jina. Mpe jina la mbwa.