Mtamba Pacha wa Mahari

Jumatatu, 8 Agosti 1994
Ujumbe kutoka Ekero! Wanzala, baba yake Gentrix, mchumba wa Were, anamtaka mtamba wangu Mukhwana awe kwenye ng'ombe wa mahari. Ati mtamba aliyezaliwa pacha atawaletea watu wa boma lake mapacha. Nikakubali hapo hapo. Mwanangu Were aoe, mimi nikalale. Mke wangu Rosebella akaniuliza kama na yeye ningemtoa haraka hivyo.

Jumanne, 9 Agosti
Kipsang, daktari wa mifugo, alikuja kutibu kwato. Akamtazama Mukhwana, akauliza pacha wake alikuwa nini. Dume, nikasema. Akaziacha kwato — sipendi daktari akiacha kazi aliyoitiwa.

Kumbe! Akaeleza: pacha dume na jike wakiwa tumboni, damu zao huchanganyika, na homoni zinazounda udume humfikia dada, zikamharibia uzazi. Mara tisa kati ya kumi huwa tasa. Hata kiwele hakipati amri ya kukua. Kwa mtamba mzima, homoni zake huamuru mirija ya maziwa ichipue matawi ndani, tawi juu ya tawi, kama mpera. Kwa tasa hubaki vijiti tu. Huyu je? Kipsang hakuapa.

Yaani natoa mahari tasa ili wapate mapacha!

Alhamisi, 11 Agosti
Nimepapasa kiwele tena asubuhi. Jirani Andati, kwenye ua: "Baba Were, unakamua nini hapo? Hewa?" Nikamwambia ni chai ya rangi.

Sitawaficha wakwe. Nikamtuma Were kwa baiskeli akaeleze yote. Amerudi anacheka. Wanzala amesema homoni ni Kizungu cha mtu mchoyo. "Kama baba yako anampenda ng'ombe wake, aseme!"

Mimi, mchoyo. Nimesema ukweli mara moja tu mwaka huu.

Jumamosi, 13 Agosti
Wakwe wako hapa. Nimejificha nyuma ya choo kuandika, wanadhani naumwa tumbo.

Alfajiri Mukhwana alilia, akampanda mwenzake, ute ukining'inia. Joto la kutaka dume! Tasa hapati hilo. Nikakimbia kumwita Kipsang, shati nimelivaa ndani nje. Akampima, akabonyeza kiwele taratibu, akatabasamu: "Mzee, huku ndani kumechipua. Huyu ni yule mmoja wa kumi." Nikamkumbatia daktari na glavu zake zote.

Rosebella hakukumbatia mtu. "Huyu haendi popote. Wapelekee yule mwekundu. Si wewe uliwaambia huyu ni tasa?"

Wanzala naye alipofika, salamu nusu, akamfunga Mukhwana kamba. Nikasema tungoje kidogo. "Ngoja nini, mkwe? Si ni tasa? Mimi nimempenda hivyo hivyo, na utasa wake!" Wazee wakapiga makofi. Gentrix akaficha uso kwa leso, mabega yakitetemeka kwa kicheko.

Kipsang amenivuta kando: amwambie Wanzala alichokigusa, ama anyamaze? Nikamjibu nasikia tumbo.

Wanaita, ingokho, kuku wa wageni, inapoa. Nawaona kupitia mabua ya mahindi: Rosebella amesimama langoni mwa zizi, mikono kiunoni. Wanzala anakula kwa mkono mmoja. Ule mwingine haujaachia kamba.