Mafuta ya Kakao Yaliyokataa Kuganda

Pumwani, 1957

Jumanne, 9 Aprili
Nimemimina vidonge vya pumu, vile vya kuingizwa njia ya haja kubwa. Siku zote nayeyusha mafuta ya kakao taratibu, yabaki na ukungu kidogo, ndipo natia dawa. Leo nimepandisha stovu mpaka yakawa maangavu kama maji. Nilitaka kuwahi futari. Yakaganda kwenye barafu, nikaenda zangu. Uji wa mke wangu Zainabu mtamu.

Jumatano, 10 Aprili
Balaa. Mchana vidonge vyote vimelegea kwenye trei. Bwana Pinto, mwenye duka la dawa, amekipasha kimoja polepole ndani ya maji, kipimajoto pembeni. Kimeyeyuka kwa nyuzi ishirini na nne. Kakao huyeyuka kwa thelathini na nne. Anasema nimeuza kakao yake, nikatia mafuta ya kupikia.
"Mafuta yangu iko wapi, Hamisi?"
Mbele ya wateja.

Alhamisi, 11 Aprili
Amenipa hadi Jumatatu. Nirudishe kakao au aite polisi. Kazi ikienda, kibali cha kukaa Nairobi nacho kimekwenda. Nimemweleza mke wangu. Ameendelea kuchambua mchele, hakuuliza kitu. Mke gani huyu? Usingizi hakuna.

Jumamosi, 13 Aprili
Nimechungulia trei kabatini. Vidonge vimekuwa vigumu! Sijui kwa nini. Nimemwomba Pinto avipime tena, akasema ana wateja. Namchukia. Namwogopa pia.

Jumatatu, 15 Aprili
Amepima. Thelathini na tatu. Akapima kingine. Vilevile. Mafuta ya kupikia hayabadiliki hivyo. Akafungua kopo jipya la kakao, akaiyeyusha kwa moto mkali kama nilivyofanya mimi, akagandisha, akapima. Ishirini na nne. Kumbe kakao ikizidishiwa moto, chembe zake hujipanga ovyo inapoganda. Ikiachwa siku kadhaa hujipanga upya, ikakaza. Haraka yangu tu, basi.
"Enda fanya kazi," amesema. Pole hakunipa.

Jioni nimemweleza Zainabu yote. Ameweka bakuli chini.
"Ijumaa ulipokwenda msikitini nilipekua nyumba kutafuta hiyo kakao," amesema. "Chini ya kitanda, mpaka kwenye debe la unga. Nisamehe, Baba Rukia."
Adhana ikalia. Nikamsogezea tende. Hakula mpaka nilipoanza mimi.